Chelewa Chelewa: Amri ya Muda na Mtoto wa Wazazi Walioachana

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, maafisa ustawi wa jamii, na ninyi wanangu mnaosoma sheria ambao naona mmejipanga karibu na mlango.

Walioniandalia kikao hiki walinionya kwamba mada yenyewe ni kavu. Amri za muda za mahakama kuhusu malezi ya mtoto, wazazi wanapotengana. Sikubishana nao. Karatasi zake kweli ni kavu: maombi, hati ya kiapo, kiapo kinzani, hati ya dharura, amri ya ukurasa mmoja. Lakini tuna methali yetu moja ambayo watoto huijua kabla ya kujua kusoma: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tumezoea kuitumia kwa aliyekosa basi, kwa mkulima aliyengoja mvua ya pili, kwa kijana anayezungusha posa. Leo naomba tuichukue neno kwa neno. Nimekaa nyuma ya meza ya hakimu kwa miaka mingi, nimewaona watu waliochelewa wakamkuta mwana si wao. Na wengi wao hawakuwa wazembe. Walicheleweshwa, huku wameshika mkononi karatasi yenye mhuri wetu, imeandikwa juu: amri ya muda.

Nitatumia mfano wa kutunga, maana mambo ya kweli niliyoyasikia chemba si yangu kuyasimulia.

Baba ni fundi umeme, mama anauza vitenge. Wamepanga vyumba viwili Mbagala, na wana binti wa miaka minne na nusu. Usiku mmoja wa mwezi wa tatu wanagombana, mama anaondoka na begi moja kwenda kwa dada yake Kigogo. Mtoto amelala, hakutaka kumwamsha. Akasema moyoni, nitamfuata kesho. Kesho yake anakuta mlango una kufuli jipya. Mtoto alishapandishwa basi alfajiri, yuko njiani kwenda Korogwe kwa shangazi yake.

Mama anaanza safari ambayo wengi wenu mnaijua. Kwa balozi. Ofisi ya serikali ya mtaa. Dawati la jinsia na watoto, anakoambiwa kwamba baba hajaiba, mtoto ni wake pia. Ustawi wa jamii, ambako barua za wito zinatoka mara mbili na baba hatokei. Baraza la usuluhishi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, katika kifungu cha 101, kwamba ombi la talaka lisiletwe mahakamani kabla baraza halijajaribu kupatanisha na kuthibitisha kwamba limeshindwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichofungwa nyuma ya mlango huo ni talaka, wala si mtoto, nitalirudia hili. Mwezi wa nane anafika mbele ya hakimu. Wakili wa baba anasema mtoto ametulia, ameshaandikishwa shule ya awali, shangazi ni mtu mzima na ana nyumba yake. Hakimu ana mafaili kumi na nane asubuhi hiyo. Anaandika: hali iliyopo ibaki kama ilivyo hadi shauri la msingi litakapoamuliwa.

Basi. Baada ya hapo ni maahirisho. Wakili yuko Mahakama Kuu. Hakimu yuko likizo. Faili halionekani masjala. Taarifa ya ustawi haijaletwa. Shahidi amefiwa. Shauri linapomalizika mtoto ana miaka sita na miezi kumi, yuko darasa la kwanza Korogwe, Kiswahili chake kimeanza kuchanganyika na Kisambaa, na ana watu wawili anaowaita mama: shangazi yake, ambaye ni mama tu, na yule mwingine, ambaye ni mama wa Dar. Hukumu inasema kumhamisha sasa kutamvuruga. Nikiisoma hukumu hiyo siioni kosa lake. Mimi mwenyewe ningeiandika hivyo hivyo. Kosa liko kwenye ule mstari mmoja wa mwezi wa nane.

Angalieni lile neno lenyewe. Amri ya muda: tunamaanisha amri ya kitambo, ya kupisha. Lakini katika mambo ya mtoto, muda ndio unaofanya kazi yote. Kiwanja ukikifunga kwa amri ya zuio miaka mitatu, kitaota majani, utakikuta palepale na mipaka yake. Mtoto akifungwa kwa amri hiyohiyo miaka mitatu anakuwa mtu mwingine, mwenye rafiki wengine, lugha nyingine ya kuotea ndoto, na harufu nyingine anayoiita nyumbani.

Sasa sheria inasemaje? Inasema mengi mazuri, na hilo ndilo linaloudhi. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kumweka mtoto kwa baba au kwa mama, wakati wowote. Wakati wowote, wanangu. Lisisitizeni neno hilo mtakapokuwa mawakili. Hakuna mahali kifungu hicho kinaposema talaka ije kwanza, wala kwamba cheti cha baraza kitangulie. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo, katika kifungu cha 37, inamruhusu mzazi, mlezi au ndugu kuomba kukaa na mtoto, na cha 38 kinahusu kumtembelea. Kipimo cha juu kuliko vyote ni manufaa ya mtoto. Chini ya hapo mahakama inatazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama umri wake unamwezesha kuwa na fikra zake, na mila za jamii wanayotoka.

Hilo la mila lina mitego yake. Mara nyingi wakili akisema mila, anamaanisha mila za upande wa baba, kana kwamba nchi nzima inahesabu ukoo kwa baba. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, na wengi wamelikariri mpaka wakasahau Waluguru, Wamakonde na Wayao, ambao mtoto kwao ni wa ukoo wa mama na mjomba ana kauli kubwa. Niliwahi kumwuliza baba mmoja aliyeshikilia mila kwa ukali: mila ya nani, mzee wangu? Yeye Mpogoro, mkewe Mluguru, mtoto amezaliwa Temeke. Alinyamaza, halafu akacheka, na nadhani kicheko kile kiliturahisishia mchana wote.

Kisha kuna umri wa miaka saba. Kifungu cha 125 kinadhani, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba ni heri mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake. Hii saba imetoka wapi? Waislamu wa pwani watatambua mara moja kitu kinachofanana na hadhana. Kwa madhehebu ya Shafii, mtoto hukaa na mama hadi afike umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida hukadiriwa miaka saba, kisha huulizwa achague. Na mama akiolewa na mume mwingine asiye ndugu wa mtoto, haki yake hulegea. Waingereza nao walifika kwenye saba kwa njia yao. Mwaka 1839 Bunge lao lilipitisha sheria iliyomruhusu mama, kwa mara ya kwanza, kuomba mahakamani kukaa na watoto wake walio chini ya miaka saba. Aliyeipigania ni mwandishi Caroline Norton, ambaye mumewe alimnyima wanawe watatu na kuwapeleka Scotland kwa dada yake. Sheria ile haikufika Scotland. Kwa hiyo mama aliyeisababisha itungwe hakuweza kuitumia. Sidai kwamba wabunge wetu wa 1971 walinakili huku au kule. Nasema tu kwamba kumpandisha mtoto chombo alfajiri na kumpeleka kwa shangazi mbali na mkono wa mahakama ni mbinu ya zamani, na haikuanzia Mbagala.

Lakini mtazameni mtu wa sheria anaposoma kifungu nusu. Kifungu hichohicho, baada ya kutaja miaka saba, kinaendelea: katika kuamua kama dhana hiyo inatumika, mahakama izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto nacho kinataja umuhimu wa malezi kuendelea bila kukatika. Nia njema kabisa. Ila tazameni kinachotokea ukiunganisha nia hiyo njema na maahirisho yetu. Kila mwezi unaopita unamwongezea ushahidi yule anayekaa na mtoto, bila yeye kuleta shahidi hata mmoja. Na kila mwezi unaopita unampunguzia mama ile dhana ya miaka saba, maana mtoto anakua. Yule binti wa mfano wetu aliingia mahakamani na miaka miwili ya ulinzi mkononi. Alitoka na miezi miwili. Hakuna aliyemnyang'anya; iliyeyuka tu, kama barafu kwenye kikapu cha samaki.

Na tusidhani ni hila ya wanaume. Nimewaona mama waliombeba mtoto usiku mpaka Mwanza, wakabadilisha namba ya simu, na baba aliyekuwa akimwogesha mtoto kila asubuhi akabaki anashika kiatu kimoja. Anayekimbia kwanza ndiye anayeitwa na mahakama mwenye hali iliyopo. Tukiendelea hivyo tunawafundisha wazazi kukimbia.

Kwa hiyo swali langu kwa mahakimu wenzangu lilikuwa hili kila nilipopata nafasi: hali iliyopo ipi? Mazoea yetu ya amri za muda yametoka kwenye mashauri ya mali. Kila wakili anaijua ile kesi ya Mahakama Kuu ya mwaka 1969 iliyotupa masharti matatu ya zuio la muda: kuwe na hoja nzito ya kusikilizwa na uwezekano wa mwombaji kushinda, kuwe na hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na ipimwe nani ataumia zaidi amri ikitolewa au ikikataliwa. Ni masharti mazuri kwa nyumba inayotaka kupigwa mnada. Yalete kwa mtoto uone yanavyopwaya. Nani ana uwezekano wa kushinda? Si mashindano. Hasara ya nani? Sharti linamtazama mwombaji, na mwenye kupata hasara hayumo kwenye orodha ya wadaawa. Yuko Korogwe anacheza rede. Masharti yale yanapima mzani kati ya watu wawili, na mtoto ni wa tatu.

Mimi nilijiwekea kipimo changu, wala sikukitoa kwenye kitabu. Nilikuwa nikiuliza maisha ya mtoto yalikuwaje miezi kumi na miwili kabla ya ule ugomvi. Nani alimpeleka kliniki na anajua kadi yake ilipo? Nani aliitwa shule alipoanguka? Anakula nini anapougua? Mara nyingi unapata jibu ndani ya dakika kumi, kwa sababu mzazi mlezi anajibu kwa vitu na asiye mlezi anajibu kwa haki zake. Mmoja anasema hapendi uji wa ulezi, anapenda wa mchele. Mwingine anasema mimi ndiye baba yake. Wote wanasema kweli, lakini ni mmoja tu aliyejibu nilichouliza. Hali iliyopo, kwa mtoto, ni ile aliyoamka nayo kabla hawajagombana. Iliyotengenezwa wiki iliyopita kwa kufuli jipya si hali iliyopo, ni hali iliyopachikwa.

Najua kuna nyakati ambazo hakuna subira. Mama amepigwa, ana jeraha. Au kuna tiketi ya ndege na pasipoti mpya, na mtoto anataka kutolewa nchini. Hapo kifungu cha 137 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kuzuia. Maombi ya namna hiyo huja kwa hati ya dharura na husikilizwa upande mmoja, mwingine hayupo. Sipingi. Nimezitoa amri hizo jioni, masjala imeshafungwa, karani akinung'unika. Ninachopinga ni amri ya upande mmoja kugeuka amri ya mwaka mmoja. Uliyoitoa bila kumsikia mtu wa pili inapaswa kuhesabiwa kwa siku: aitwe, asikilizwe, ithibitishwe au ivunjwe. Ikipita miezi mitatu hajaitwa, hiyo si dharura tena.

Nije kwa maafisa ustawi wa jamii, ambao mmenitazama kwa jicho kali tangu nilipotaja taarifa kuchelewa. Kifungu cha 136 kinasema mahakama, kila inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye mafunzo au uzoefu wa ustawi wa watoto, ingawa haifungwi nao. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Kwenye maisha, ofisa mmoja ana kata nyingi, hana pikipiki, na akienda Korogwe nauli anajilipia halafu anaomba kurudishiwa. Kwa hiyo taarifa nyingi nilizopokea ziliandikwa ofisini, kwa kuwahoji wazazi wawili waliokwisha kulishwa maneno na mawakili wao. Kuna moja tu nitaitaja, maana ilinifundisha kazi. Ofisa, dada mdogo tu, alikwenda nyumbani bila taarifa saa kumi na mbili asubuhi. Akaandika kurasa mbili. Kwamba mtoto analala kitanda kimoja na bibi. Kwamba bibi ndiye anayemwamsha, anamsuka, anamvusha barabara. Kwamba baba anakuja mwisho wa wiki, mama anapiga simu usiku. Wazazi wale walikuwa wamegombea mbele yangu, kwa viapo vizito, malezi ambayo hakuna kati yao aliyekuwa akiyafanya. Nilimwita bibi. Alikuja na khanga yake mpya, akakaa, akauliza: mwanangu hakimu, mimi nimeshtakiwa?

Sheria inamjua bibi kwa jina la ndugu mwingine, na inamfikia pale tu ambapo kuna sababu za pekee za kutomkabidhi mtoto kwa mzazi yeyote. Lakini kifungu cha 126 kinaruhusu amri ya kukaa na mtoto iwe na masharti, pamoja na mtoto kuwa chini ya uangalizi wa mtu mwingine kwa muda. Nafasi ipo kwa mwenye kuitafuta. Amri ya muda ya siku ile ilimbakiza mtoto kwa bibi, na ikawagawia wazazi siku zao. Hakuna aliyeshangilia, nami nikaona ni dalili njema.

Na mtoto mwenyewe je? Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991, na mkataba ule unasema mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni asikilizwe katika jambo linalomhusu. Sheria yetu ya Ndoa ilishayasema karibu hayo miaka 20 kabla. Ila namna ya kuuliza ndiyo inayoua. Swali la unampenda nani kati ya baba na mama ni ukatili, hata likiulizwa kwa sauti ya upole na pipi mezani. Ni kumtaka mtoto amsaliti mmoja, kisha arudi nyumbani akaishi na jibu lake. Muulize siku yake. Ukiamka unamwona nani? Sare zako za shule ziko wapi? Ukiota ndoto mbaya unakwenda kitanda cha nani? Wazazi watoke nje, mawakili watoke nje, na vua hilo joho, linatisha. Mtoto mmoja aliniambia kila kitu nilichohitaji alipoeleza mahali daftari zake zilipo: za Kiswahili kwa mama, za hesabu kwa baba, kwa hiyo kila siku alichapwa kwa somo moja.

Sasa amri yenyewe inavyoandikwa. Hapa mtanivumilia, nitakuwa mchoshi kwa makusudi. Amri ya muda iliyo mbaya husema: mtoto atakaa na mama, na baba atakuwa na haki ya kumwona kwa wakati unaofaa. Unaofaa kwa nani? Baba anaona Jumamosi saa mbili usiku inafaa. Mama anaona haifai. Jumatatu wako kwangu tena. Amri njema ina siku, ina saa, ina mahali. Baba atamchukua Ijumaa saa 10 jioni getini shuleni, atamrudisha Jumapili saa 11 jioni kwa bibi mzaa mama. Getini shuleni ni mahali pazuri, kwa kuwa wazazi hawalazimiki kuonana na mtoto haoni mkabidhiano. Anaona tu kwamba leo amefuatwa na baba. Kituo cha polisi ni mahali pa mwisho kabisa. Nimesoma amri zinazotaka mtoto akabidhiwe kituoni kila wiki, pale kaunta, kati ya mlevi na mwizi wa kuku. Kama hali ni ya hatari, sawa. Kama ni uvivu wa kufikiri mahali pengine, si sawa.

Iseme likizo ya Juni na ya Desemba itagawanywaje. Iseme Idi na Krismasi, hasa wazazi wakiwa wa dini mbili. Iseme simu: kila Jumatano saa 1 usiku, dakika kumi na tano, na mwenye mtoto asisimame karibu akiamrisha mwambie hivi. Iseme cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima vitakaa kwa nani, kwa kuwa vitu hivi viwili hugeuzwa mateka kabla ya mtoto. Iseme shule isibadilishwe bila ruhusa ya mahakama. Na iseme fedha ya matunzo itatumwa kwa simu tarehe ngapi. Fedha iliyotumwa kwa simu inaacha ujumbe. Iliyotolewa mkononi inaacha ugomvi. Ila fedha na kuonana visifungwe kamba moja. Baba aliyekosa kulipa mwezi huu adaiwe kwa njia za kudai deni, na asinyimwe mtoto. Mama aliyemficha mtoto wiki hii abanwe kwa njia zake, na matunzo yaendelee. Mtoto si risiti ya kuonyesha ndipo upewe mzigo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinamhesabu mtoto mwenyewe kuwa ndiye mwenye haki ya matunzo, na ndiye mwenye haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, ilimradi masomo yake yasivurugike. Wazazi wanaposema haki yangu ya kumwona, hapo sheria inazungumza juu ya haki ya mtu mwingine.

Kuhusu kuvunja amri nitapita haraka, maana dawa zetu hapo ni chache na zote chungu. Mahakama inaweza kumweka mkaidi jela ya madai. Nimewahi kufikia hapo, nikamtazama yule mama, nikajiuliza mtoto ataambiwa mama yuko wapi, nikaahirisha kwa saa mbili. Alirudi na mtoto. Mara nyingi saa mbili zinatosha.

Kuna anayefikiri, kama amri ya muda ni mbaya, nitakata rufaa. Pole. Kwa ujumla, hasa tangu marekebisho ya mwaka 2002, sheria zetu za mwenendo hazifungui mlango wa rufaa kwa amri ndogo isiyomaliza shauri. Sababu yake ni njema: zamani watu walikata rufaa kwa kila ahirisho mpaka wadaawa wakafa. Lakini matokeo yake ni kwamba uamuzi wenye nguvu kuliko yote katika maisha ya yule binti ndio usiokatiwa rufaa kwa urahisi. Kinachobaki ni kurudi mahakama ileile na kuomba ibadilishe. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu amri ya malezi au matunzo kubadilishwa ikiwa imetokana na taarifa za uongo au makosa, au mambo yamebadilika. Kitumieni. Wengi hawarudi kwa sababu wanaamini hakimu ameshaamua, na hakimu naye anaamini hajaamua.

Majirani zetu wana njia zao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la, na sheria yao ya watoto inatenganisha mamlaka ya kisheria juu ya mtoto na jambo la mtoto kulala wapi. Utenganisho huo unasaidia kwenye amri za muda, kwa sababu hakimu anaweza kusema usiku uko huku lakini maamuzi makubwa yanabaki kwa wote wawili, na hakuna anayetoka mahakamani akijiona ameporwa mtoto mzima. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011 na ina makadhi wake, na kadhi mwenye busara nimeona akifanya kwa barza na kahawa kile ambacho mimi nilihitaji viapo vinne kukifanya.

Lugha nayo inastahili sentensi chache. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu, na amri hizi sasa zinaweza kusomwa na yule zinayemhusu bila kukodi mtu wa kumsomea. Kwa hiyo hatuna kisingizio cha kuandika kwa mafumbo. Andika ili bibi aelewe, kwa sababu bibi ndiye atakayeitekeleza.

Imebaki hoja ya mwisho niliyokuja nayo hapa, nayo ni tarehe. Amri nyingi za muda huisha kwa maneno hadi shauri la msingi litakapoamuliwa. Maneno hayo hayana mwisho. Ni kamba isiyo na fundo. Miaka yangu ya mwishomwisho nilianza kuweka tarehe ya ukomo: amri hii itaangaliwa upya tarehe fulani, iwe shauri limeisha au halijaisha, na siku hiyo ofisa ustawi alete neno jipya juu ya mtoto. Karani wangu alidhani nimechoka. Siku ya kwanza aliniuliza: mheshimiwa, tukifika tarehe hiyo na shauri bado? Nikamwambia tutawaita wote, tuangalie kama bado inamfaa. Hakujibu. Akapiga chapa, akagonga mhuri, kisha akasimama kwenye kalenda ya ukutani akaizungushia tarehe ile kwa kalamu nyekundu. Nilipopita jioni nikaona ameongeza kitu pembeni ambacho sikumwagiza, kwa mwandiko mdogo: siku hiyo mtoto atakuwa na miaka mitano na miezi miwili.